"Tutajitahidi" Siyo Ndiyo

Nimezaliwa Temeke. Nimefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam miaka 7, na sasa ni mwaka wa 6 niko Rotterdam, Uholanzi, naongoza timu ya watu 11: 7 wako hapa, 4 wako ofisi yetu ya Kurasini, Dar es Salaam. Nikija likizo watu hudhani kilichonishinda Ulaya ni baridi. Baridi unavaa koti yanaisha. Kilichonitoa jasho ni kusikia, yaani mtu akisema neno, nijue amekusudia nini.

Mwaka wangu wa pili tulikuwa na kontena 14 za mteja mmoja zinashuka Dar. Tukafanya kikao cha video. Mwenzangu Mholanzi akauliza, je, hati zote zitakuwa tayari Ijumaa? Kule Kurasini wakatazamana. Kiongozi wao, mtu ninayemwita kaka tangu enzi zile tunapanga foleni pamoja kwenye madirisha ya forodha, akajibu taratibu: "Tutajitahidi." Mholanzi akaandika kwenye daftari: ndiyo, Ijumaa.

Mimi nilisikia. Kwetu mtu akisema "tutajitahidi" bila kutaja siku, amekwambia haiwezekani, ila hataki kukuvunjia heshima mbele za watu. Na akisema "kuna changamoto kidogo," acha ulichokuwa unafanya uulize, kwa sababu hiyo kidogo inaweza kuwa nyumba inaungua. Nililijua hilo kabla sijaanza shule. Lakini kikao kilikuwa kinaenda haraka, kinaisha kwa wakati, kama wanavyopenda huku, nikanyamaza.

Ijumaa hati hazikuwepo. Wiki iliyofuata hazikuwepo. Kontena zikaingia kwenye storeji, yaani ada ya kukaa bandarini, gharama zikapanda kila siku, mteja akakasirika. Mholanzi akasema mbele ya wote: "Walitudanganya." Kurasini nao wakaniambia kwa simu: "Dada, sisi tulimwambia mapema, hakutaka kutuelewa." Kila upande ulikuwa unasema ukweli wake. Katika kikao kile ni mimi peke yangu niliyekuwa na masikio ya pande zote mbili, kwa hiyo kosa lile nalihesabu langu.

Tangu siku hiyo siulizi tena "mtaweza?" Dar es Salaam swali hilo likitoka kwa bosi lina jibu moja tu. Nauliza: nani anasaini, yuko wapi leo, karatasi gani bado? Baada ya kikao nampigia mmoja mmoja, naanza na habari za nyumbani, watoto, mvua, foleni ya Mbagala. Wenzangu wa hapa mwanzoni waliona napoteza muda. Nikawaeleza kwamba ndani ya dakika hizo 5 ndimo mtu anapokwambia mfumo wa forodha umelala tangu jana. Ukizikata, habari hiyo utaipata wiki ijayo, ikiwa na ankara.

Sitaki mtu adhani nasema kwetu ndiko wanakojua watu. Nilipofika Rotterdam nilifanya kama nilivyolelewa: kila asubuhi napita meza kwa meza, nasalimia, nauliza wameamkaje. Wiki ya tatu dada mmoja wa timu yangu, mdogo kwangu kwa miaka kama 15, akaniambia usoni, bila hasira: "Ukija mezani kwangu kila asubuhi naona kama unanikagua. Sipendi." Niliumia. Nyumbani mdogo hasemi hivyo kwa mkubwa. Usiku nikawaza: miaka 7 Dar es Salaam niliongoza watu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kitu ninachokosea. Haiwezekani sikukosea. Walikuwa wananiita bosi, wanacheka nami, wakienda kula mchana wanayasema wao kwa wao. Uwazi ule wa yule dada ni heshima, na natamani tungekuwa nao hata nusu yake kwenye ofisi zetu.

Kwenye semina ya kupokea wageni walitufundisha habari za Geert Hofstede, Mholanzi aliyepima tamaduni kwa kutumia majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM wa nchi nyingi. Ni kazi nzuri, inakufungua macho. Ila namba za nchi nzima hazikwambii huyu kaka wa Kurasini akitazama chini ana maana gani.

Na mambo haya yanawahusu pia wageni wanaoletwa Dar kuongoza. Sheria yetu ya kuratibu ajira za wageni ya 2015 inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi. Nimeona mpango huo ukijazwa kwenye fomu ya kuombea kibali halafu ukalala kabatini. Bosi anaishi Masaki, anapita getini asubuhi bila kumsalimia mlinzi, halafu anashangaa kwa nini habari za ofisi yake yeye huwa wa mwisho kuzijua. Mlinzi yule alishazijua tangu juzi.

Kuna jambo moja bado linanisumbua, nalo ni msiba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa angalau siku 4 za likizo yenye malipo ukifiwa na mzazi, mwenza, mtoto, ndugu wa kuzaliwa, babu, bibi au mjukuu. Baba mdogo hayumo. Mama mkubwa hayumo. Kwetu hao ni baba na mama, na mimi natia saini ruhusa hizo bila kuhesabu, nikiulizwa na niulizwe.

Mwaka juzi mama mkubwa aliyenilea alifariki Mbagala, sikuweza kusafiri. Wale wanne wa Kurasini walichanga rambirambi, wakaenda wote, wakakaa kwenye mkeka hadi watu waliporudi kutoka kuzika. Hapa Rotterdam timu ilinipa kadi yenye saini za wote, na maua. Wakaniacha nipumzike, ndiyo adabu yao.

Usiku saa 2 mlango ukagongwa. Huku mtu hagongi mlango wako bila ahadi. Alikuwa yule Mholanzi wa daftari, ana mkate na chupa ya chai. Alikaa kwenye kiti cha jikoni karibu saa nzima, hakusema kitu zaidi ya pole.