Namba 42 ya Nani?

Hivi nani aliyewaambia mguu wangu una namba mbili? Pale soko la Karume kijana anageuza kiatu cha mtumba, anasoma chini ya soli: "Mzee wangu, hii 42, yaani nane ya Muingereza." Kumbe kila mmoja na rula yake! Muingereza alipima kwa punje ya shayiri: punje 3 ni inchi 1, ukiongeza punje moja namba inapanda. Mfaransa naye namba moja kwake ni theluthi mbili za sentimita. Mimi nimekulia kwenye muhogo, shayiri nitaijulia wapi? Kijana akiniona nakunja vidole ananipoza: "Vaa tu mzee, kitaachia chenyewe." Kilichoachia ni kucha.

Zamani mtu alikuwa na katambuga zake za tairi, akipita mchangani unadhani lori limepita. Pwani, ukisikia mtalawanda, kiatu cha mti, ko-ko-ko uani, unajua bafu lina mtu. Basi, yameisha. Leo kwangu kuna ndala za chooni, ndala za uani, yeboyebo za mvua, viatu vyeusi vya shule, na raba. Nikisema raba, kijana wangu anacheka: "Baba, hizo snika." Nikauliza tofauti iko wapi, nikaonyeshwa bei.

Halafu kuna mchuchumio wa mama watoto. Kisigino kirefu kilikuwa cha wanaume bwana, wapanda farasi wa Uajemi, ili mguu usichomoke kwenye kikuku cha tandiko. Baadaye Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, akavaa vyenye visigino vyekundu. Sasa mwenzangu farasi hana, ana daladala ya Mbagala. Anatoka nyumbani na ndala, mchuchumio uko kwenye mkoba. Anauvaa mlangoni pa ukumbi, anapiga picha, anauvua. Shughuli nzima iliyobaki mkoba naubeba mimi.

Na huyu mtoto wetu wa mwisho, kila asubuhi cha kulia anavaa kushoto. Ulaya walishona viatu vingi visivyo na kulia wala kushoto mpaka karne ya 19 ilipoanza. Nadhani huyu ndiye mteja waliyekuwa wakimsubiri.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwaka 2008, kwenye pango moja huko Armenia, kilipatikana kiatu cha ngozi ya ng'ombe chenye miaka 5,500 hivi. Kipande kimoja cha ngozi, kamba zake zipo, hakijaoza. Kilichokihifadhi ni kinyesi cha kondoo kilichokifunika. Changu kilikutana na mvua moja tu ya masika, soli ikaachama mbele, vidole vikawa vinasalimia watu.

Nikampelekea fundi pale chini ya mwembe. Akakikunja, akakinusa, akakirudisha.

"Hiki hakishoneki mzee, hii siyo ngozi. Ni cha gundi. Na gundi imepanda."