Msiwaite wakaidi vijana wanaoacha dawa

Juzi nilikuwa kwenye kikao cha afya ya wanafunzi. Mzungumzaji aliyepewa mada ya dawa za magonjwa ya akili alisema, kwa uhakika kabisa, kwamba tatizo kubwa la vijana ni ukaidi: wanaandikiwa dawa, wanameza siku chache, wanaacha. Waliokuwa ukumbini wakatikisa vichwa kukubali. Niliondoka na hasira ambayo mpaka leo haijanitoka.

Tumfuate basi huyo anayeitwa mkaidi. Ana miaka 20, ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, na imemchukua muda mrefu kukubali kwenda kumwona daktari. Anaandikiwa dawa ya sonona, sertralini au fluoksetini, anapewa tarehe ya kurudi baada ya miezi miwili au mitatu, mlango unafungwa. Siku za mwanzo anapata kichefuchefu, kichwa kinauma, tumbo linavurugika, usingizi unakataa. Moyo uko vilevile, mzito. Dawa hizi huchukua kati ya wiki mbili na sita, wakati mwingine zaidi, kabla nafuu haijaonekana, ilhali maudhi yake huanza mapema na mengi hupungua yenyewe baada ya wiki moja au mbili. Kama hakuna aliyemwambia hivyo, ataamini dawa inamzidishia ugonjwa. Ataiacha, na kwa taarifa alizonazo atakuwa na sababu ya kutosha.

Hapo sijagusa usalama wake. Mwaka 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliamuru dawa za sonona ziwekewe onyo lake kali kuliko yote kuhusu watoto na vijana, na mwaka 2007 onyo hilo likapanuliwa kufika miaka 24. Katika majaribio yaliyochambuliwa kwa watoto na vijana wa umri mdogo, mawazo au vitendo vya kutaka kujiua vilijitokeza kwa takriban asilimia 4 ya waliopewa dawa na asilimia 2 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hakuna aliyejiua katika majaribio hayo. Wapo waliosoma onyo hilo wakaogopa kuwaandikia vijana dawa kabisa, na huko nako ni kuwatupa, maana sonona isiyotibiwa inaua. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaweka kujiua katika nafasi ya tatu miongoni mwa visababishi vya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29. Onyo lilitaka kijana aangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa. Sasa huyu aliyepangiwa kurudi baada ya miezi mitatu anaangaliwa na nani? Mwenzake wa bwenini, ambaye hajui hata kama dawa zipo?

Kumfuatilia ndiyo matibabu yenyewe. Apigiwe simu wiki ya kwanza, aonwe tena ndani ya wiki mbili, na aulizwe maswali ambayo hatayaleta mwenyewe. Kwa mfano, dawa nyingi za sonona hupunguza hamu ya tendo la ndoa au huchelewesha kufika kileleni. Kijana wa miaka 21, labda yuko kwenye uhusiano wake wa kwanza, ataanzia wapi kumweleza daktari jambo hilo? Hataanza. Ataacha vidonge kimyakimya, na kwenye faili ataandikwa kuwa hafuati matibabu. Swali moja lililoulizwa kwa heshima lingefungua njia ya kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Vivyo hivyo na msichana anayeongezeka uzito haraka kwa sababu ya olanzapini, dawa nyingine ya magonjwa ya akili, huku wenzake wakimtania kila anapoingia darasani.

Kabla hata ya kidonge cha kwanza, kuna swali la lazima: je, umewahi kukaa siku kadhaa karibu bila kulala na bado ukajisikia una nguvu tele? Kwenye ukoo wenu yupo aliyewahi kuwa hivyo? Ugonjwa wa baipola, ambao humpeleka mtu kati ya vipindi vya sonona na vipindi vya msisimko uliopitiliza, mara nyingi huanza umri huuhuu, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake kwa mtu wa namna hiyo inaweza kumrusha upande wa pili, kwenye msisimko huo. Akiwekwa kwenye lithiamu, dawa ya baipola, apimwe damu, figo na tezi ya shingo, tena aambiwe wazi kwamba kuishiwa maji baada ya mazoezi makali, au kumeza ibuprofeni kwa ajili ya maumivu, kunaweza kupandisha lithiamu mwilini hadi kiwango cha sumu. Na msichana asipewe valproeti, dawa nyingine ya baipola, bila mazungumzo ya kina kuhusu mimba, kwa sababu inaweza kumdhuru vibaya mtoto aliye tumboni.

Halafu muhula unaisha. Mwanafunzi anahama mji, dawa zinamwishia likizoni, na huko aliko hakuna mwenye faili lake. Ghafla anapata kizunguzungu, hasira za haraka, hisia kama umeme unampita kichwani. Anadhani amekuwa mraibu, au ugonjwa umerudi. Kumbe ni mwili unaolalamika kwa kukatiziwa dawa ghafla, na kwa paroksetini, nayo dawa ya sonona, hali hii huwa kali kuliko kwa fluoksetini, ambayo hutoka mwilini polepole. Barua ya ukurasa mmoja na dawa za kumfikisha hadi arudi zingetosha.

Nakubali, madaktari wa akili ni wachache na foleni ni ndefu. Nakubali pia kwamba wapo vijana wanaoruka dozi ili wanywe pombe Jumamosi. Lakini simu ya wiki ya kwanza haihitaji daktari bingwa. Muuguzi aliyefundishwa anaiweza. Na anayekunywa Jumamosi ataficha akigombezwa, atasema ukweli akiulizwa.

Kwako wewe mwenye pakiti ya dawa uliyoiacha kwenye droo: rudi, hata kama tarehe yako imepita. Sema lini uliacha na ni kitu gani kilikushinda, hata kama ni kile cha aibu. Usianze tena mwenyewe na dozi ya zamani kwa kukisia. Kama bado unameza na unataka kuacha kwa kuwa umepona, jua kwamba kwa kawaida inashauriwa kuendelea angalau miezi sita baada ya kupata nafuu, kisha kupunguza kidogo kidogo ukiwa na mtu wa kukuangalia. Na mawazo ya kujiua yakikujia, au ukianza kuhisi msukosuko usioweza kutulia, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mwambie mtu aliye karibu, nendeni pamoja hospitali siku hiyohiyo, na uwaonyeshe dawa unazomeza.