Timu imepoteza mechi 121: shabiki aende uwanjani au abaki nyumbani?

Katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani kila timu hucheza mechi 162, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Ni karibu kila siku. Sisi tuliozoea mpira wa miguu tunajua kwamba baada ya kipigo kuna siku kadhaa za kununa, kubishana kijiweni na kujipa moyo. Shabiki wa besiboli hana nafasi hiyo. Amefungwa jana, leo jioni wanacheza tena.

Sasa chukua Chicago White Sox wa mwaka 2024. Kuanzia Julai 10 hadi Agosti 5 walipoteza mechi 21 mfululizo. Walipopata ushindi wakiwa ugenini Oakland, siku mbili baadaye kocha Pedro Grifol akafukuzwa, na mambo hayakubadilika. Walimaliza msimu na ushindi 41 na vipigo 121, wakaipita rekodi ya New York Mets ya vipigo 120 iliyokuwa imesimama tangu 1962. Tangu mwaka 1900 hakuna timu ya ligi hiyo iliyopoteza mechi nyingi kiasi hicho katika msimu mmoja.

Swali lililowagawa mashabiki wa upande wa kusini wa Chicago ni la wapenzi wa timu popote pale: kipindi kibaya kikija, uendelee kulipa kiingilio, au ubaki nyumbani mpaka wenye timu washtuke?

Wanaosema nenda wana mfano mzuri kuliko wote. Mwaka 1988 Baltimore Orioles walianza msimu kwa kupoteza mechi 21, zote za mwanzo, bila ushindi hata mmoja. Kocha Cal Ripken Sr. alitimuliwa baada ya mechi sita tu, huku wanawe wawili wakibaki kikosini kuendelea kucheza. Ushindi wa kwanza ulikuja Aprili 29, tena mjini Chicago, dhidi ya hawahawa White Sox. Timu iliporudi nyumbani Mei 2 ikiwa na ushindi mmoja na vipigo 23, watu 50,402 walijaza uwanja kuipokea. Usiku huohuo ukatangazwa mkataba wa muda mrefu wa uwanja mpya, ule uliofunguliwa 1992 na kujulikana kama Camden Yards. Baltimore ilikuwa bado na donda: mwaka 1984 timu yao ya futiboli ya Kimarekani, Colts, ilihamishwa usiku kwa malori hadi Indianapolis. Watu wale 50,402 walikuja kuwafariji wachezaji, lakini walikuja pia kuonyesha kwamba mji huu hauachi timu yake ichukuliwe. Msimu uliofuata Orioles walishinda mechi 87 na kukosa kidogo kuongoza kundi lao. Nikisoma habari za usiku ule huwa naguswa kila mara, na ninaelewa kwa nini mtu akiambiwa asusie anaona kama ameambiwa asaliti.

Lakini Baltimore walikuwa wanafungwa, hawakuwa wamebomolewa na wamiliki wao. Hapo ndipo wanaosema baki nyumbani wanapopata nguvu. White Sox walikuwa wameongoza kundi lao mwaka 2021 kwa ushindi 93. Mwaka 2023 wakapoteza mechi 101. Machi 2024, wiki mbili kabla ya msimu kuanza, wakampeleka mrushaji wao tegemeo Dylan Cease San Diego. Julai, katikati ya vile vipigo mfululizo, wakawaachia Erick Fedde na Tommy Pham kwenda St. Louis na Michael Kopech kwenda Dodgers wa Los Angeles, ambao Oktoba walitwaa ubingwa. Kwa timu kama hiyo, tiketi unayonunua unamlipia nani? Wachezaji wana mikataba yao, mshahara haupungui viti vikiwa vitupu. Anayeguswa ni mmiliki, Jerry Reinsdorf, aliyeinunua timu mwaka 1981.

Na kuna jambo moja ambalo msomaji wa mpira wa miguu asipoliweka akilini hatauelewa mjadala huu: Marekani hakuna kushuka daraja. Timu inayoburuza mkia kwetu inajua Mei kuna shimo. Kule timu ya mwisho inarudi mwakani kwenye ligi ileile, na fedha za televisheni za ligi zinaendelea kuingia. Kwa kawaida hata hupewa nafasi za mbele katika kuchagua vijana wapya, ingawa White Sox hawakufaidi hilo safari hii. Kanuni inayozikataza timu zinazochangia mfuko wa pamoja wa ligi kupata nafasi za juu miaka miwili mfululizo iliwasukuma hadi nafasi ya 10. Penye ligi isiyo na adhabu ya uwanjani, adhabu pekee inabaki mikononi mwa mnunuzi wa tiketi. Hoja hii naiona nzito, na kama mambo yangeishia Chicago ningeikubali yote.

Tatizo ni Oakland. Mmiliki wa Athletics, timu ya besiboli ya mji huo, John Fisher, aliikausha timu, watu wakaacha kuja, kisha viti vitupu vikawa ushahidi wa kwamba mji hauitaki timu. Mashabiki wakaliona hilo. Juni 13, 2023 wakaitana, wakaja watu 27,759 kwa siku moja ya kazi, wamevaa fulana zenye neno moja la kumtaka auze, na timu ikashinda. Siku mbili baadaye gavana wa Nevada akatia saini sheria ya kutoa hadi dola milioni 380 za umma kwa uwanja wa Las Vegas, mji ambao timu ilitaka kuhamia. Novemba wamiliki wenzake wakapiga kura, wote wakakubali timu ihame. Walipokosekana walihesabiwa, walipokuja hawakusikilizwa.

Ndiyo maana sidhani kwamba jibu linatokana na kiwango cha mapenzi, wala na ubaya wa timu. Linatokana na mkataba wa uwanja. Baltimore umati ulisaidia kwa sababu mmiliki alikuwa tayari kusaini kubaki. Oakland haukusaidia kwa sababu mkataba ulikuwa unaisha 2024 na mlango wa kutokea ulishafunguliwa. Shabiki anayesusia timu isiyoweza kuhama anambana mmiliki. Akisusia timu inayotafuta pa kwenda, anampa sababu ya kuondoka.

Reinsdorf anaujua mchezo huo. Mwaka uleule wa 1988 alitishia kuihamishia White Sox Florida, na usiku wa Juni 30 bunge la Illinois lilisimamisha saa yake ili kura ya fedha za uwanja ihesabike imepigwa kabla ya saa sita. Uwanja huo, uliofunguliwa 1991, ndio wanaouchezea hadi leo, na mapema 2024 alikuwa anaomba fedha za umma kwa ajili ya mwingine.

Kwa hiyo waliobaki nyumbani mwaka 2024 nadhani walikuwa sahihi, kwa kuwa mkataba ulikuwa bado unaifunga timu. Na wale waliojitokeza katika mechi tatu za mwisho za nyumbani mwezi Septemba, wakaimba kumtaka mmiliki auze huku timu ikishinda zote tatu, hawakukosea pia: sauti ya mtu aliyelipa ni ngumu kuiita ya mtu asiyejali. Mwaka 2025 timu ilipanda hadi ushindi 60. Juni mwaka huo yalitangazwa makubaliano yanayomruhusu Reinsdorf kumkabidhi timu mwekezaji Justin Ishbia kati ya 2029 na 2033. Mkataba wa uwanja nao unaisha 2029.