GTX 1080 Ti au RTX 2060? Kadi ya zamani haipimwi kwa fremu peke yake

Mwenye bajeti ndogo anayetafuta kadi ya michoro iliyotumika hachukui muda kukutana na ubishi huu. Kati ya kadi mbili za Nvidia, achukue GTX 1080 Ti, iliyokuwa juu ya kadi zote za gemu mwaka 2017, au RTX 2060, iliyotoka Januari 2019 ikiwa ya daraja la kati? Kambi moja inasema nguvu ni nguvu, kadi kubwa ya juzi inaishinda kadi ndogo ya jana. Nyingine inajibu kwamba nguvu isiyoweza kufungua gemu mpya ni ya bure. Nimezifuatilia hoja hizi kwa miaka, na naona kila upande una haki yake. Kinachokosewa ni swali lenyewe.

Nianze na watetezi wa 1080 Ti, maana hoja yao ni nzito kuliko inavyochukuliwa. Kadi hii ilizinduliwa Machi 2017 kwa dola 699 za Marekani, ikiwa na viini 3,584 vya CUDA (vitengo vidogo vya kukokotoa), kumbukumbu ya gigabaiti 11, na njia ya kumbukumbu inayopitisha gigabaiti 484 kwa sekunde. RTX 2060 iliuzwa kwa dola 349, karibu nusu ya bei hiyo, ikiwa na viini 1,920, gigabaiti 6, na gigabaiti 336 kwa sekunde. Viini vya vizazi viwili havihesabiki kimoja kwa kimoja, kwa kuwa vile vya Turing, kizazi cha 2060, hufanya kazi zaidi katika kila mzunguko. Hata hivyo 2060 ilipotoka ilikaa jirani na GTX 1080 ya kawaida, na 1080 Ti ilikuwa imeshaitangulia hiyo kwa hatua nzima. Katika gemu za miaka ile, kwenye skrini ya 1440p, hakuna ubishi nani anaongoza.

Lakini nguzo ya hoja yao, kwa maoni yangu, ni zile gigabaiti 11 kuliko viini. Kumbukumbu ya kadi ina tabia yake: ikiwa inatosha, huioni kabisa, ikipungua kidogo tu, kila kitu kinavurugika. Gemu inapohitaji tekscha (picha zinazovishwa kuta na vitu) nyingi kuliko nafasi iliyopo, ziada huhifadhiwa kwenye kumbukumbu kuu ya kompyuta, na kadi inalazimika kuzifuata huko kupitia nafasi ya PCIe, pale kadi inapochomekwa kwenye ubao mama. Nafasi ya PCIe 3.0 yenye njia 16 hupitisha gigabaiti zisizofika 16 kwa sekunde. Linganisha na zile 336 za 2060. Ni kama mpishi mwenye viungo mkononi anayeambiwa ghafla kila kijiko cha chumvi akifuate ghalani.

Na hapo ndipo vipimo vya wastani vinapomdanganya mnunuzi. Kadi iliyojaa inaweza kuonyesha wastani wa fremu (picha) 60 kwa sekunde kwenye jedwali, huku mchezaji akiona picha inakwama kila anapogeuza kona. Gemu nyingine haikwami. Inashusha ubora wa tekscha kimyakimya, kuta zinakuwa kama zimepakwa uji, na kipimo cha fremu kinabaki kizuri. Anayelinganisha kadi za zamani aangalie zile asilimia 1 za fremu za chini kabisa, na aziangalie picha zenyewe. Wastani peke yake hautoshi kutoa pesa mfukoni.

Sasa upande wa pili. Kizazi cha Turing, kilichoanza Septemba 2018, kilileta mambo matatu ambayo Pascal, kizazi cha 1080 Ti, haina kwenye chipu yake: viini vya kufuatilia miale ya mwanga, viini vya tensa vinavyoendesha DLSS (mbinu ya Nvidia ya kukuza picha ndogo ijae skrini), na njia mpya ya kuunda maumbo iitwayo meshi sheda. Mwaka 2019 mambo hayo yalionekana mapambo. Gemu zilizoyatumia zilihesabika kwa vidole, DLSS ya kwanza ilitoa picha zenye ukungu, na 2060 yenyewe ilihema ikiombwa kufuatilia miale. Waliosema wakati ule kwamba mnunuzi analipia ahadi hawakukosea.

Mambo yalibadilika polepole, kisha kwa kishindo. DLSS ya pili ya mwaka 2020 ilikuwa kitu kingine kabisa, na Januari 2025 Nvidia ikatoa muundo mpya wa kukuza picha unaofanya kazi kwenye kadi zote za RTX, 2060 ikiwemo. Ni jambo adimu kwa kadi ya miaka sita kuamka asubuhi ikiwa na picha bora kuliko jana yake. Mwenye 1080 Ti hakuachwa mikono mitupu, kwa sababu FSR, mbinu ya kukuza picha ya AMD, mshindani wa Nvidia, iliyotoka Juni 2021, haichagui kadi. Ila kwenye skrini ya 1080p, ambako kadi hukuza kutoka picha ndogo sana, FSR ya kizazi hicho huacha kingo zinazometameta na majani yanayochezacheza. Tofauti na DLSS inaonekana kwa macho, bila kipimo.

Kisha likaja suala la milango. Oktoba 2023 Alan Wake 2 ilitoka ikitegemea meshi sheda, na kadi za Pascal zikafanya vibaya mno hadi watengenezaji walipoirekebisha Machi 2024. Huo ulikuwa mlango uliofungwa nusu. Indiana Jones and the Great Circle, Desemba 2024, iliufunga wote: bila kadi yenye uwezo wa kufuatilia miale kwenye chipu, gemu haiendeshwi. Doom: The Dark Ages ikafuata Mei 2025 na sharti hilohilo. Hapa gigabaiti 11 hazisaidii chochote. RX 5700 XT ya mwaka 2019, kadi nzuri ya AMD yenye gigabaiti 8, iko nje ya mlango huo pia kwa sababu ileile.

Mtetezi wa RTX 2060 akifika hapo huona ameshamaliza kazi. Hajamaliza. Mahitaji ya chini yaliyotangazwa ya gemu hizo mbili yanataja RTX 2060 Super, au RX 6600 ya AMD, yaani kadi zenye gigabaiti 8. Kadi ya gigabaiti 6 ina ufunguo wa mlango, ila chumba chake ni kidogo. Na kufuatilia miale kwenyewe hula kumbukumbu, kwa hiyo kile kinachoipa 2060 faida ndicho kinachoibana. Kambi ya nguvu huusahau mlango, kambi ya uwezo mpya huisahau kumbukumbu, na mnunuzi analipia kosa la yule aliyemsikiliza.

Ubishi huu una kaka yake mkubwa, na yafaa kumkumbuka kwa sababu matokeo yake yameshajulikana. Mwishoni mwa Juni 2016 AMD ilitoa RX 480, ya gigabaiti 8 kwa dola 239 na ya gigabaiti 4 kwa dola 199. Wiki tatu baadaye Nvidia ilijibu kwa GTX 1060 ya gigabaiti 6, dola 249. Katika gemu za DirectX 11 (mfumo wa gemu kuzungumza na kadi), zilizokuwa nyingi wakati huo, 1060 ilishinda, tena ikila wati 120 dhidi ya 150 za mpinzani. RX 580, iliyotoka Aprili 2017, ilipandisha kasi na ulaji hadi wati 185. Mnunuzi aliyesoma majedwali ya mwaka huo alichagua 1060 kwa haki kabisa, na wengi walifanya hivyo: ilikaa miaka kadhaa ikiwa kadi inayotumika kuliko zote katika takwimu za Steam, duka la gemu la mtandaoni, hadi mwishoni mwa 2022.

Miaka ikapita, gemu zikahamia mifumo mipya ya DirectX 12 na Vulkan, na kadi za AMD zikaanza kuvuna. Chipu zao zilijengwa kupokea aina mbili za kazi kwa wakati mmoja, jambo ambalo DirectX 11 haikulitumia. Gemu ya Doom ilipopata Vulkan Julai 2016, RX 480 iliruka kiasi cha kuwashangaza watu. Ongeza gigabaiti 8 na njia ya gigabaiti 256 kwa sekunde dhidi ya 192 za 1060, utaelewa kwa nini RX 580 imezeeka vizuri zaidi ndani ya gemu. Kadi iliyoumia kuliko zote ni 1060 ya gigabaiti 3, iliyopewa jina lilelile ingawa ilikuwa na viini 1,152 badala ya 1,280. Ilikuwa nafuu kwa dola 50, na kumbukumbu yake ikaishiwa mapema. Rahisi ghali, wahenga walishasema.

Hadithi hiyo hupendwa na mashabiki wa AMD, nao hukatisha kabla ya mwisho wake. Mwaka 2023 AMD ilizitoa RX 480, RX 580 na kizazi cha Vega kwenye mkondo mkuu wa viendeshi (programu zinazoiwezesha kompyuta kuitumia kadi), zikabaki na masahihisho ya dharura tu. Pascal ya Nvidia, ya umri uleule, iliendelea kupata viendeshi kamili vya gemu hadi Oktoba 2025, na imeahidiwa masahihisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Yaani aliyeshinda kwenye fremu alishindwa kwenye matunzo. Kwa anayetumia Linux picha ni nyingine, kwani viendeshi huria vya AMD huko vinaendelea kutunzwa na jamii ya watengenezaji, na huyo ndiye ninayeweza kumwambia kwa moyo mweupe kwamba RX 580 bado ni kadi ya kununua.

Kuna kitu kingine ambacho majedwali huficha, nacho ni prosesa. Wapimaji huzifunga kadi zote kwenye kompyuta yenye prosesa ya juu kabisa ili kadi ionyeshe uwezo wake. Mnunuzi wa kadi ya zamani kwa kawaida ana prosesa ya zamani. Kwenye DirectX 11, viendeshi vya Nvidia huigawa kazi kwa viini kadhaa vya prosesa, vya AMD huielemeza kwenye kimoja, hivyo RX 580 juu ya prosesa dhaifu hupoteza kuliko jedwali linavyosema. Kwenye DirectX 12 mambo hugeuka: viendeshi vya Nvidia ndivyo vinavyoilemea prosesa zaidi. Ubao mama nao una neno lake. RX 6500 XT ya Januari 2022 ina gigabaiti 4 na njia 4 tu za PCIe. Kwenye ubao wa PCIe 3.0 kumbukumbu hiyo ikijaa, kadi huanguka vibaya. Sitamshauri mtu yeyote aiweke kwenye kompyuta ya zamani, hata kama tarehe yake ya kuzaliwa inavutia.

Umeme hauchukui maelezo mengi. 1080 Ti hula wati 250, 2060 wati 160. Kwa saa tatu za gemu kila siku, tofauti ya wati 90 ni karibu kilowati-saa 99 kwa mwaka. Kinachouma zaidi ni pawa saplai: ikiwa iliyopo haiwezi kuibeba 1080 Ti, bei ya kadi si ile iliyoandikwa kwenye tangazo.

Kuhusu kadi zilizochimba sarafu za kidijitali, naona hofu imezidi ukweli. Chipu inayofanya kazi kwa joto lisilobadilika haichoki kama watu wanavyodhani. Feni ndizo zinazochakaa, na pesti ya joto hukauka, vyote vinabadilishika. Hatari ya kweli ni BIOS, programu ya ndani ya kadi, iliyochezewa kwa ajili ya uchimbaji, ambayo kwenye gemu huleta picha zilizochanika au kompyuta kujizima, na RX 580 nyingi zilipita huko kabla sarafu ya Ethereum haijaachana na uchimbaji Septemba 2022. Kuna pia RX 580 yenye viini 2,048 badala ya 2,304, inayouzwa kwa jina lilelile, na kadi kongwe zilizoandikwa upya zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya GPU-Z huonyesha idadi ya viini kwa sekunde chache. Muuzaji asiyekubali iendeshwe mbele yako, pamoja na nusu saa ya gemu nzito, mwache na kadi yake.

Nikirudi kwenye zile kadi mbili: mtu ambaye gemu zake ni za kabla ya 2023, mwenye skrini ya 1440p na pawa saplai imara, 1080 Ti itamfurahisha kuliko 2060 kila siku ya wiki, na sioni sababu ya kumtisha kwa gemu ambazo hana mpango wa kuzicheza. Anayetaka gemu zinazokuja hana haki ya kuichagua 1080 Ti, lakini pia nisingempeleka kwenye 2060 ya gigabaiti 6. Ningemwambia asubiri, aongeze kidogo, atafute 2060 Super, au ile 2060 ya gigabaiti 12 iliyotoka Desemba 2021, au RX 6600 yenye gigabaiti 8 na ulaji wa wati 132, ambayo haidai pawa saplai mpya na inaingia kwenye kila mlango nilioutaja hapo juu.