Soksi Ziko Wapi?

Jamani, kuoa bosi ni mtihani. Mke wangu ni mkurugenzi wa fedha. Akiingia ofisini, watu wazima na vitambi vyao wanakaa sawa. Mimi nikiingia nyumbani hata paka hageuki. Sina kinyongo na cheo chake, mshahara wake naula vizuri tu. Tatizo ni kwamba ukurugenzi hauishii getini.

Juzi nimejilaza kwenye kochi, nimetoka kuosha vyombo (vikombe viwili, lakini vikombe si ni vyombo?), nikamwambia kwa mahaba, "Unaona ninavyokusaidia?"

Akafunga laptopu polepole, nadhani ndivyo anavyoifunga kabla ya kumwachisha mtu kazi. "Unanisaidia kazi ya nani?"

Nikajua nimekwisha.

Zikaja takwimu. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 2018: kazi za nyumbani na malezi, zile zisizo na mshahara, mwanamke kwa wastani anazifanya saa 4 na dakika 25 kwa siku. Mwanamume, saa 1 na dakika 23. Badala ya kunyamaza nikauliza, "Hao wanaume saa nzima wanaipata wapi?" Huu mdomo utaniua.

"Na kukumbuka je, nako unakufanya wewe?" Kukumbuka nini tena? Akaanza: chanjo ya mtoto, viatu vinavyombana, gesi inayokaribia kuisha, siku ya kuzaliwa ya mama mkwe. Mama mkwe wake ni mama yangu mimi! Kumbe zile salamu tamu ninazosifiwa kila mwaka kwamba nina moyo, anaziandika yeye.

Halafu akagusa simu zangu. Ni kweli, huwa nampigia kidogo akiwa kwenye kikao cha bodi kuuliza soksi za mtoto ziko wapi. Mara tatu tu. Eti mwenyekiti wa bodi sasa akiona simu inawaka anasema, "Pokea, ni soksi."

Kuna jambo moja lakini liliniuma kweli. Kazini kwao, mwanamume akiondoka mapema kumfuata mtoto shule, anaitwa baba wa mfano. Yeye akiondoka saa ileile, wanaanza kunong'ona kama cheo hakijamzidi kimo. Nikataka kumpa pole, akaniwahi na Iceland: tarehe 24 Oktoba 1975, wanawake tisa kati ya kumi waligoma, kazini na nyumbani. Siku moja tu, akina baba wakaonekana wanaingia ofisini na watoto mkononi. Nikamwomba somo la historia liishie hapo.

Tukakubaliana: wiki nzima naendesha nyumba mimi, bila kuuliza. Makabidhiano yakafanyika kwa maandishi, nikasaini. Kazi ya kwanza, kuingia kwenye grupu la WhatsApp la wazazi wa darasa. Miaka mitatu mtoto anasoma pale, sikujua kama lipo.

Nikaingizwa. "Karibu sana mama!" "Karibu mama mwenzetu!"

Nikaandika, "Asanteni, ila mimi ni baba."

Grupu likanyamaza. Dakika nzima. Kisha mmoja akauliza, "Baba, kwani mama amepatwa na nini?" Kabla sijajibu (naandika kwa kidole kimoja) mwingine akaweka mikono ya sala. "Pole sana baba, Mungu akutie nguvu." "Jamani, jana tu nilimwona, alikuwa mzima kabisa!" Mshumaa. Mshumaa mwingine. Mtu akaulizia ratiba.

Ndipo ukaingia ujumbe kutoka kwenye kikao cha bodi: "Nipo hai. Mwambieni soksi ziko droo ya pili."