Damu Ikisafiri, Dawa Itarudi?

Kutoka Hospitali ya Kenyatta hadi makao makuu ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, karibu na barabara ya Mbagathi ni mwendo wa miguu. Huku wagonjwa wamepanga foleni ya kliniki, kule watafiti wanashughulika na sampuli. Mjadala kuhusu utafiti wa pamoja wa magonjwa ya ubongo na neva umekaa hapo katikati: tukichangia damu kwa washirika wa ng'ambo, walio kwenye foleni watapata nini?

Wanaoutetea ushirikiano wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote ilitoka Nigeria. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lagos, pamoja na wenzao wa London na Marekani, walitangaza matokeo ya kuchunguza jeni za watu karibu 200,000 wenye asili ya Kiafrika, 1,488 kati yao wakiwa na Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukakamaza mwili. Walikuta badiliko katika jeni ya GBA1 ambalo kwa Wazungu karibu halipo kabisa. Aliyerithi nakala moja uwezekano wake wa kuugua hupanda mara 1.5, aliyerithi mbili, mara 3.5. Tafiti za awali zilizojaa watu wa Ulaya zisingeliona kamwe. Na hakuna maabara ya Nairobi wala Lagos ambayo ingekusanya idadi hiyo peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa. Ila chawa akishavunjwa, kichwa cha nani kimepona?

Hapo ndipo wanaotilia shaka wanapoingia, na Nairobi ina kumbukumbu yake. Mwaka 2000 wanasayansi wa hapa walilalamika kwamba wenzao wa Uingereza wameomba hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, ya chanjo ya Ukimwi bila kuwataja, ilhali utafiti wenyewe ulitokana na wanawake wa Majengo, Pumwani, ambao virusi vilishindwa kuwaambukiza. Ugonjwa mwingine, lakini funzo lilibaki. Hata dawa ikipatikana, bei inaweza kuifungia nje. Lecanemab, iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023 kwa hatua za mwanzo za Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu, ilitangazwa kwa dola 26,500 kwa mwaka. Katika jaribio lake kubwa ilipunguza kasi ya akili kudorora kwa asilimia 27, na mgonjwa lazima apigwe picha za MRI mara kwa mara, maana ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Hiyo si dawa ya foleni ninayoizungumzia.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi: acheni kusaka tiba mpya, tibuni kwanza kwa zilizopo. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 50 hivi wana kifafa, na hadi asilimia 70 wangeishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Fenobabitali, dawa ya bei ndogo, inatumika tangu 1912. Nusu yangu inakubali. Nusu ya pili inakumbuka Kilifi: ni utafiti wa nchi tano za Afrika, Kilifi ikiwamo, uliohusisha sehemu kubwa ya kifafa chetu na vimelea na matatizo wakati wa kuzaliwa. Yaani kinazuilika. Bila ushirikiano tungeendelea kulaumu mashetani.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuifunga milango. Ninachokidai ni masharti kabla sindano haijaingia: nani anaongoza, sampuli zinakaa wapi, dawa ikifaulu waliojitolea wataipataje. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini haipangi bei ya dawa. Masuala ya utafiti nayo tuyachague wenyewe. Upupu, ule ule tuliotishiana nao shuleni, mbegu zake zina levodopa, dawa kuu ya Parkinson. Kampuni gani kubwa itajisumbua na mmea unaoota vichakani?

Hatari ya kudai ipo. Marekani ilipofunga mifereji ya fedha za misaada mwaka 2025, majaribio ya tiba yalisimama katikati, na mwenye njaa ya fedha hujadiliana vibaya. Ndiyo maana Nairobi isidai peke yake. Mshirika akihamia Kampala au Dar es Salaam kutafuta masharti mepesi, akute fomu ile ile mezani.