Mashine ya kukatia vito: kipi uunde mwenyewe, kipi ununue

Mtu akitaka kujiundia mashine ya kukata na kung'arisha vito, hujibiwa kwa namna mbili. Wengine humwambia hakuna siri humo: mota, shafti, beringi mbili, sahani inayozunguka na maji, basi. Wengine humwonya kwamba jiwe halifichi kosa, na chochote kilicholegea kwenye mashine kitaonekana kwenye kito. Wote wana haki, ila kila upande una mashine yake akilini. Anayesema ni rahisi anawaza msumeno na sahani ya msasa. Anayeonya anawaza mashine ya kuchonga nyuso, zile bapa ndogo ndogo zinazokifanya kito kimetemete. Ni afadhali kuuliza kiungo kwa kiungo: hiki kikikosewa kwa sehemu ya kumi ya milimita, jiwe litajua?

Kwenye msumeno, wanaojiundia wana hoja nzito. Diski ya almasi ya milimita 150, yenye unene wa nusu milimita hivi, hukata akiki vizuri ikizunguka karibu mara 2,000 kwa dakika. Mota ya robo ya nguvu-farasi inayozunguka mara 1,440 inatosha. Funga puli ya milimita 70 kwenye mota na ya milimita 50 kwenye shafti, utapata mizunguko 2,016. Shafti ya milimita 20 juu ya beringi mbili zilizozibwa, beseni la maji, na meza yenye mwanya wa kupitisha diski: hivyo ndivyo msumeno ulivyo. Diski izame majini milimita 5 au 6 tu. Ikizama zaidi inarusha maji kila upande, ikipungua inakata kavu na kuungua.

Kinachoua misumeno hii mara nyingi ni washa mbili, vile visahani vya chuma vinavyoibana diski kila upande. Wengi huokota washa zozote, moja kubwa kuliko nyingine, kisha wanakaza nati kwa nguvu. Diski ya nusu milimita haiwezi kubaki bapa ikibanwa hivyo. Inavutwa upande mmoja, mkato unaanza wima na kuishia umepinda, kisha ukiitoa unakuta alama ya rangi ya bluu karibu na ukingo, mahali chuma kilipopata moto. Ikishabinuka kama kisosi, ni vigumu mno kuinyoosha. Dawa yake ni kumpa mkereza vyuma kazi moja: akereze washa mbili za kipenyo sawa, milimita 50, zilizochimbwa kidogo katikati ili zibane kwa ukingo tu. Na jiwe lisisukumwe kwa mkono mtupu. Lifungwe kwenye kibao kinachoteleza sambamba na diski, kwa sababu mkono ukiyumba katikati ya mkato, diski ndiyo inayopinda.

Wapo wanaotaka kuruka kazi yote hiyo kwa kununua mashine ya kukatia vigae. Inakata, hilo halina ubishi, na kwa mawe ya bei ya chini si wazo baya. Hasara iko kwenye unene wa diski yake, ambao mara nyingi hukaribia milimita 2. Chukua jiwe la urefu wa milimita 30 unalotaka vipande vya milimita 5. Kwa diski ya milimita 2 utapata vipande 4. Kwa diski ya nusu milimita utapata 5. Kwenye akiki ya kawaida kipande kimoja si kitu. Kwenye jiwe la thamani, kipande hicho ndicho kingelipia msumeno.

Sahani ya msasa kwa mawe ya mgongo wa mviringo ni rahisi zaidi. Geuza uwiano wa puli, milimita 50 kwenye mota na 100 kwenye shafti, upate mizunguko 720. Bandika sponji ngumu ya milimita 5 juu ya sahani ya milimita 200 ili msasa ufuate mviringo wa jiwe, kisha pita namba 220, 400, 600 na 1200, zote za maji, na umalizie kwa ngozi na oksidi ya siriamu, ule unga wa kung'arishia. Anayeshindwa hapa kwa kawaida ameponzwa na macho, na mashine haihusiki. Maji hujaza mikwaruzo na kuificha. Jiwe bichi linaonekana limekamilika, likikauka mistari ya namba 220 inatokeza. Likaushe na ulitazame dhidi ya mwanga kabla ya kila hatua. Osha pia mikono na jiwe, maana chembe moja ya msasa mkali ikiingia kwenye ngozi, ngozi hiyo itaendelea kukwaruza.

Kwenye mashine ya kuchonga nyuso, upande wa pili unashinda karibu moja kwa moja. Sahani ya chuma ikipanda na kushuka sehemu ya kumi ya milimita kwa mizunguko 720, jiwe linagongwa mara 12 kila sekunde. Kwatzi, jiwe gumu la kawaida, itavumilia, ila kingo zake zitaharibika. Topazi na tanzanaiti, ambazo zina upande zinakopasukia kwa urahisi, zinaweza kumeguka. Sahani isiyumbe zaidi ya sehemu mbili au tatu za mia za milimita, na usahihi huo haupatikani kwa drili na jicho.

Kisha kuna gia ya kugawanya mzunguko, inayogeuza jiwe kwa hatua sawa ili kila uso ukae mahali pake. Ile ya meno 96 inasogea nyuzi 3.75 kwa kila jino. Wengine huchapa duara kwenye karatasi na kutoboa matundu 96 kwenye bati. Kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, tundu lililokosewa kwa milimita 0.3 linapotosha uso kwa theluthi ya nyuzi. Hiyo inatosha nyuso tatu zilizopaswa kukutana kwenye ncha moja zisikutane.

Hata hivyo, si kila kosa lina uzito sawa. Kipimo cha pembe kinachozidisha nyuzi moja siku zote hakina madhara ukishakijua. Unapunguza moja unaposoma. Usipokijua, kwatzi uliyodhani umeichonga nyuso za chini kwa nyuzi 41 au 42 itakuwa na pembe ndogo mno, mwanga utapita chini badala ya kurudi juu, na katikati patabaki dirisha tupu. Lakini mkono wa mashine unaoshika jiwe, ukicheza kwenye bawaba, hauna hesabu ya kuurekebisha, kwa sababu kila ukiushusha unatua mahali pengine. Kwa hiyo fremu, beseni, mota na mkanda viunde mwenyewe. Shafti na sahani mpe mkereza. Kichwa kinachoshika jiwe, chenye gia na kipimo cha pembe, nunua, hata kikiwa kimetumika.

Utasikia hoja kwamba wakataji wa Asia wametoa kazi nzuri kwa ubao wenye matundu na kijiti tu, ncha ikichomekwa tundu la juu au la chini kubadilisha pembe. Ni kweli, na chombo hicho unaweza kukiunda kwa siku moja. Ila usahihi wake umo mkononi mwa mtu aliyejifunza kwa miaka, na ubao hauji na mkono huo.

Kwenye vumbi sioni pande mbili za kupima. Kukata kwatzi au akiki kwa grenda kavu kunajaza hewa vumbi la silika, na mapafu yaliyoharibiwa nalo hayaponi. Grenda pia si ya kumwagiwa maji, maana mota iko mkononi mwako. Mota ikae juu ya maji, nyuma ya ukuta wa mbao, waya wa ethi ufungwe kwenye fremu, na umeme upitie swichi inayojikata unapovuja miliampia 30. Vika shafti pete ya mpira, ndani ya beseni, irushe maji kabla hayajafika kwenye beringi. Tope la jiwe linasaga beringi kama linavyosaga vito.

Tope lenyewe liache litulie kwenye ndoo, mwaga maji ya juu, kisha ulitupe likiwa bado bichi ndani ya mfuko uliofungwa. Usilimwage kwenye sinki, linaganda bombani. Na mashine ifute siku hiyohiyo ikiwa na unyevu, kwa sababu tope likikauka mezani linarudi kuwa vumbi lile lile.